Kabla ya kushika bisibisi

Katika nyumba nyingi, mtoto anayefungua vitu huitwa mharibifu. Redio ikizimika baada ya yeye kuishika, kosa ni lake. Tochi isipowaka, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Mara chache mzazi hukaa naye na kumuuliza alikuwa anatafuta nini humo ndani. Na akiwa wa kike, huongezewa jambo la pili: kwamba hiyo si kazi yake.

Katika nyumba moja ya Mbagala, jijini Dar es Salaam, suala hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu aliyekuwa akikataza alikuwa fundi mwenyewe. Baba wa nyumba hiyo hutengeneza feni, friji na pasi za umeme barazani kwake. Kazi hiyo imejenga vyumba vitatu na kununua sare na madaftari ya watoto watatu. Hata hivyo, binti yake wa Kidato cha Pili alipomwambia kwamba amejiandikisha shuleni kwenye kozi ya utangulizi ya ukarabati na matengenezo ya kompyuta, hakufurahi.

“Mwanangu, mimi nimeshika bisibisi ili wewe ushike kalamu,” alimwambia.

Hakusema hivyo kwa kuidharau kazi yake. Alisema kwa kuijua. Anamjua mteja anayeomba kupunguziwa mpaka fundi anabaki na nauli tu. Anaijua feni iliyokaa barazani miezi minane kwa sababu mwenyewe hakurudi kuichukua wala kulipia kipuri. Anajua pia kwamba mtaani hana jina. Wakubwa kwa wadogo humwita “fundi”, na wengine humwita hivyo kana kwamba hana habari nyingine ya kusema zaidi ya ile ya feni.

Mama wa nyumba hiyo ni muuguzi katika zahanati. Mwanzoni hakuegemea upande wowote. Aliuliza swali moja tu, ambalo kila mzazi anapaswa kuuliza kabla ya kukubali au kukataa: hiyo kozi inafundisha nini hasa?

Wiki tatu bila kufungua kitu

Shule anayosoma binti huyo ni sekondari ya kutwa. Tangu Januari 2024, Tanzania ilipoanza kutumia mitaala mipya inayotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ina mikondo miwili: wa jumla, na wa amali, ambao mwanafunzi husoma pamoja na fani ya ufundi. Shule hiyo haina mkondo wa amali. Lakini mwalimu wake wa kompyuta aliona wanafunzi wanajua kuandika na kuchora kwenye kompyuta bila kujua kilichomo ndani yake, akaanzisha kozi ya muhula mmoja, kila Jumatano baada ya vipindi. Vifaa vyake ni kompyuta tisa za mezani zilizokwishatumika ofisini. Tatu kati ya hizo zilikuwa haziwaki.

Binti alidhani siku ya kwanza wangefungua mashine. Badala yake, kwa wiki tatu hawakugusa bisibisi. Walijifunza kuuliza. Tatizo limeanza lini? Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa ikifanya nini? Kuna kilichobadilika: umeme ulikatika, iliangushwa, kuna programu mpya iliyowekwa? Inatoa mlio? Inatoa harufu? Inapata joto?

Kisha wakafundishwa hatua sita ambazo mafundi wa kompyuta hufuata sehemu nyingi duniani. CompTIA ya Marekani, ambayo cheti chake cha A+ kimekuwa kikitolewa kwa mafundi hao tangu 1993, inazo katika mafunzo yake. Kwanza, tambua tatizo. Pili, kisia chanzo, ukianza na kilicho rahisi. Tatu, jaribu kama kisio lako ni sahihi. Nne, panga utakachofanya na ukifanye. Tano, hakikisha kila kitu kinafanya kazi na weka kinga ili tatizo lisirudi. Sita, andika ulichokiona, ulichokifanya na matokeo yake.

Jioni moja mama alilisoma daftari hilo akiwa bado na sare za kazi. Alipofika hatua ya sita alicheka.

“Hivi ndivyo tunavyompokea mgonjwa,” alisema. “Unamsikiliza kwanza, halafu unapima, halafu unatibu. Na usipoandika, ni kama hujafanya.”

Wiki ya nne ndipo mashine zilipofunguliwa, zikiwa zimechomolewa kwenye umeme. Wanafunzi walionyeshwa pawa saplai, kisanduku kinachopokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani na kuupunguza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3 ambao sehemu za ndani zinaweza kuubeba. Walionyeshwa mazabodi, prosesa na feni yake, ramu, ambayo hushika kazi inayoendelea na kuisahau mashine inapozimwa, na diski, ambayo huhifadhi kazi hata umeme usipokuwapo.

Walifundishwa pia kwamba mkono mtupu unaweza kuua kifaa bila mtu kuhisi lolote. Mwili hukusanya umeme tuli, hasa mtu anapojisugua na nguo au zulia la nailoni. Kwa kawaida binadamu hausikii mshtuko wake mpaka ufike takriban volti 3,000, lakini chipu inaweza kuharibiwa na kiasi kidogo sana kuliko hicho. Ndiyo maana fundi huvaa mkanda maalumu mkononi, na asiyekuwa nao hugusa kwanza chuma cha kasha la kompyuta.

Kati ya zile mashine tatu zilizokuwa haziwaki, ya kwanza ilipona kwa kufutwa vumbi na kuchomolewa ramu, ikasafishwa miguu na kurudishwa mahali pake. Ya pili ilikutwa na kapasita zilizovimba vichwa, ikawekwa kando kumsubiri anayejua kuzibadilisha. Ya tatu haikupona. Mwalimu aliigeuza kuwa ghala la vipuri, na hilo likawa somo pia. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na asilimia 22.3 tu ndiyo inayojulikana kuwa ilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kompyuta inayotumika miaka mitatu zaidi ni kompyuta ambayo haijafika jalalani kuchomwa moto na vijana wanaotafuta shaba.

Meza ya barazani

Ukurasa wa daftari ulioleta mtikisiko nyumbani ulikuwa wa usalama.

Kanuni yake ya kwanza ilisema kwamba anayejifunza hafungui pawa saplai, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kubaki na umeme muda mrefu baada ya waya kutolewa ukutani. Binti alimsomea baba yake kanuni hiyo jioni, wakati akifunga feni ya mteja. Baba aliinua mkono wa kulia na kumwonyesha kovu kwenye kidole gumba.

“Hili hakuna aliyeniambia,” alisema. “Nililijua kwa mkono.”

Yeye alijifunza kwa kumtazama bwana wake gerejini, akimshikia tochi. Bwana yule alikuwa hodari, lakini hakuwa mtu wa kueleza. Ukikosea ulipigwa na umeme, kisha ukachekwa, kisha ukawa umejua. Mafundi wengi wa mitaani walipita njia hiyo. Ujuzi wao ni wa kweli. Ila walilipia kwa miili yao.

Kanuni ya pili iligusa zaidi. Ilihusu kulehemu, ile kazi ya kuunganisha nyaya kwa kuyeyusha waya laini wa rangi ya fedha. Waya wa aina ya zamani, ambao bado unatumika sana, una bati asilimia 60 na madini ya risasi asilimia 40. Watu wengi huogopa moshi wake, na moshi huo kweli una madhara: hutoka zaidi kwenye utomvu uliomo ndani ya waya, huwasha njia ya hewa na unaweza kumletea mtu pumu. Dirisha lifunguliwe, na fundi asiinamishe uso juu ya moshi. Lakini risasi yenyewe haipandi sana hewani kwa joto la kulehemu. Hubaki vidoleni, mezani na kwenye shati. Kutoka hapo huenda kwenye andazi.

Mama alilisoma hilo mara mbili. Chini ya meza ya barazani, mahali ambapo mume wake amelehemu kwa miaka mingi, ndipo mtoto wao wa mwisho, mwenye miaka minne, huchezea vigari vyake na kula kitafunio cha saa kumi.

Kwa muuguzi, risasi si jina geni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano ya kiasi ambacho mwili wa mtu mzima ungefyonza. Huathiri ukuaji wa ubongo, na madhara hayo huenda yasirudi nyuma. Tena mara nyingi haina dalili za mapema zinazoonekana kwa macho. Kinachoonyesha ni kipimo cha damu. Mama alikuwa akiwaeleza watu kuhusu risasi iliyomo kwenye baadhi ya rangi za kuta. Hakuwahi kuifikiria barazani kwake.

Alipomweleza mumewe, mume alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

“Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikiwalisha watoto sumu?”

Lilikuwa swali zito, na mke hakulikimbia. “Hukujua, na mimi sikujua,” alimjibu. “Sasa tumejua.”

Wiki hiyo meza ilihamishiwa ubavuni mwa nyumba, mahali ambapo mtoto hapiti. Pembeni yake kuna ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni, na hakuna anayekula au kunywa chai akiwa kazini. Meza hufutwa kwa kitambaa kibichi badala ya kupigwa vumbi. Shati la kazi halivuki mlango na hufuliwa peke yake. Boksi la betri za simu zilizovimba, alilokuwa ameliweka uvunguni mwa kitanda “huenda zikafaa”, lilitolewa nje ya nyumba. Betri iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi ili kutoa hewa na haikai karibu na kitu kinachoweza kushika moto.

Haya yote yalitokana na kozi ya muhula mmoja ya mtoto wa shule. Baba aliyafanya bila kubisha, lakini hakubadili msimamo. Kozi ikiisha, alisema, iishie hapo.

Tik, tik, tik

Mama ni katibu wa kikoba cha wanawake 24. Hisa zao, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii vyote vilikuwa kwenye kompyuta mpakato moja, iliyonunuliwa Kariakoo ikiwa imeshatumika. Jumamosi moja, siku nane kabla ya mgao wa mwisho wa mzunguko, kompyuta hiyo iliganda. Alipoizima na kuiwasha, ilibaki na kioo cheusi.

Binti alikuwa uani akifua. Aliporudi ndani alimkuta baba yake ameshafungua kifuniko cha chini, skrubu zimepangwa vizuri kwenye kisahani. Alikuwa ameiwasha mara nne. Kila mara sauti ilitoka upande mmoja wa mashine: tik, tik, tik, kimya, kisha tik, tik, tik.

“Baba, samahani,” alisema. “Tafadhali usiiwashe tena.”

Baba hakuwa mtu wa kubahatisha. Katika kazi yake, kitu kinachogonga ni kitu kilichokwama, na kilichokwama huachiliwa. Feni nyingi zimepona kwa kugongwa kidogo na kutiwa mafuta. Aliichomoa diski, akaitazama, akainuka kutafuta bisibisi ndogo yenye ncha ya nyota ili afungue kifuniko chake.

Diski ya aina hiyo ina sahani ngumu zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Juu ya sahani hizo hupita kichwa cha kusomea, kikielea karibu sana kuliko unene wa unywele, kiasi kwamba chembe ya vumbi ni jiwe mbele yake. Mlio wa tik tik mara nyingi ni wa kichwa kinachoshindwa kusoma na kurudi mwanzo tena na tena. Kila inapowashwa, kinaweza kukwaruza sehemu nyingine ya yaliyohifadhiwa. Ikifunguliwa chumbani, vumbi huingia, na hata mtaalamu mwenye chumba maalumu hubaki na machache ya kuokoa.

Binti alijua hayo kwa kufundishwa tu. Hakuwahi kuiona diski inayokufa. Mbele yake alisimama mtu ambaye mtaa mzima humletea vitu vibovu, na mtu huyo ni baba yake. Mama alikuwa ameketi kitandani, mikono kichwani, akiwawazia wanawake 24.

“Baba, hii si kama feni. Tukiifungua, hata anayeweza hataiweza tena.”

“Nani amekufundisha kunikataza kazi?”

“Mwalimu,” alisema, kisha akaongeza taratibu, “na wewe, baba. Friji ikiletwa imekufa kompresa huifungui hapa. Unamwambia mwenyewe aipeleke kwa mwenye vifaa vyake.”

Ni kweli. Kompresa imefungwa kiwandani, na baba huyo hajawahi kuikata mtaani ili kumridhisha mteja. Ni jambo analojivunia na huwaambia vijana wanaokuja kujifunza kwake. Aliitazama diski, akaitazama bisibisi, akaiweka mezani.

Mama ndiye aliyevunja kimya. “Kwetu hiyo inaitwa rufaa,” alisema.

Ni rahisi kudhani kwamba kozi ya ufundi ina maana pale tu mtoto anapotengeneza kitu mbele ya wazazi wakashangaa. Siku hiyo binti hakutengeneza chochote. Alichojua ni mahali pa kusimama, na kwa fundi, kama ilivyo kwa muuguzi, ujuzi huo huokoa vingi kuliko ushujaa. Mgonjwa aliyecheleweshwa na mtu asiyetaka kusema “hili siliwezi” anajulikana katika kila wodi.

Kisicholipika kwanza

Mwalimu alipigiwa simu, akasema waisubiri Jumatatu. Walisubiri siku mbili, na mama hakulala vizuri.

Jumatatu asubuhi mama aliomba ruhusa kazini, akaenda mwenyewe. Mwalimu alianza na maswali, kama alivyowafundisha wanafunzi wake. Kisha akauliza lililo muhimu kuliko yote: kama ataweza kuokoa vichache tu, aanze na nini? Kwenye diski hiyo kulikuwa na hesabu za kikoba na picha za familia, zikiwamo za msiba wa bibi. Picha za bibi hazitapigwa tena. Lakini hesabu zilikuwa fedha za watu. Mama alifikiri kidogo, akasema: kikoba kwanza.

Mwalimu hakuiamsha kompyuta kwa mfumo wake wenyewe. Aliiwasha kutoka kwenye flashi yenye Linux, mfumo endeshi wa bure, ili diski isifanye kazi zaidi ya kusomwa. Folda ya kikoba ilinakiliwa kwa dakika chache. Picha zilifika nusu, mlio ukarudi, diski ikanyamaza, na haikuamka tena.

Kuna jambo jingine ambalo mama hakulitarajia. Mwalimu hakufungua faili hata moja. Aliigeuza kompyuta upande wake, akamwomba ahakikishe mwenyewe kama yamo. Binti alikuwa amemweleza kanuni hiyo nyumbani: fundi hasomi mafaili ya mteja. Humo mlikuwa na majina ya wanawake, madeni yao, nani amechelewesha marejesho na kwa sababu gani. Katika mtaa ambao deni la mtu ni maongezi ya kisimani, siri hiyo ni sehemu ya matibabu.

Mafaili yote yalifunguka isipokuwa la mwezi wa mwisho. Jumapili ya mgao, wanawake walikaa ukumbini na vitabu vyao vya wanachama, wakasoma mmoja mmoja, na mwezi uliopotea ukajengwa upya mstari kwa mstari. Iliwachukua alasiri nzima. Hakuna aliyepoteza hisa yake.

Binti aliandika kwenye daftari lake kama ilivyotakiwa. Tatizo: diski inagonga. Kisio: diski inakufa. Kilichofanyika: haikuwashwa tena, haikufunguliwa, ilipelekwa kwa mwalimu. Matokeo: kikoba kimepatikana isipokuwa mwezi mmoja, picha nusu. Kwenye kinga aliandika mambo mawili: kompyuta izimwe kabisa kabla ya kuwekwa kwenye mkoba, kwa sababu mama alikuwa akifunga tu kioo na kupanda bodaboda huku mashine ikiendelea kuzunguka, na kazi zote zinakiliwe mahali pengine kila wiki.

Anachoweza kuuliza mzazi

Baba hakugeuka kuwa mpenzi wa kompyuta kwa siku moja. Bado anataka binti yake afike chuo kikuu. Lakini muhula uliofuata, fomu ya kuendelea na kozi ilipoletwa, aliisaini.

“Sikatai bisibisi,” alimwambia mkewe. “Ninachokataa ni mtoto kukosa cha kuchagua. Mimi sikuchagua.”

Huenda hapo ndipo ugomvi wa wazazi wengi na masomo ya ufundi ulipo. Kwa muda mrefu ufundi ulikuwa mahali pa kwenda baada ya kufeli, na mzazi aliyeteseka katika kazi hiyo ana haki ya kuogopa. Lakini kozi nzuri ya utangulizi haimfungi mtoto kwenye baraza. Inamfundisha kutafuta chanzo badala ya kubahatisha, kuandika anachofanya, kulinda mwili wake na siri za watu, na kusema ukweli anapofika mwisho wa uwezo wake. Daktari anayahitaji hayo, na mhasibu pia.

Si kila kozi ni nzuri, na jina lake halitoshi. Mzazi anaweza kwenda shuleni na kuuliza. Nani anasimamia watoto mashine zinapounganishwa na umeme, na swichi kuu iko wapi? Je, wanaruhusiwa kufungua pawa saplai au monita za zamani zenye mgongo mkubwa, ambazo huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata zikiwa zimezimwa? Kuna maji na sabuni karibu? Betri mbovu na vipuri vilivyokufa vinapelekwa wapi?

Swali la mwisho linawahusu wasichana. Katika makundi ya mchanganyiko, mara nyingi wavulana hushika bisibisi na wasichana hupewa daftari waandike kwa sababu “wana mwandiko mzuri”. Katika shule ya binti huyu, mwalimu hubadilisha zamu kila Jumatano: aliyeandika wiki hii hufungua wiki ijayo. Mzazi amuulize binti yake akirudi nyumbani, si kama amehudhuria tu, bali leo ameshika nini kwa mkono wake.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa huharibika, tena bila taarifa. Kikoba kile sasa kinatumia kompyuta nyingine, nayo imeshatumika. Kila Jumapili jioni hesabu hunakiliwa kwenye flashi mbili. Moja hukaa kwenye kabati la mama, na nyingine hupelekwa kwa mwenyekiti, nyumba ya nne kutoka hapo. Anayeipeleka ni yule mtoto wa miaka minne, akiwa ameshikwa mkono na dada yake, baada ya wote wawili kunawa.